UZI: Livingstone si mtu mmoja. Koo mbili, jina moja, na miji iliyotapakaa kutoka Kongo hadi Guatemala

#1 Mchora Ramani

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kuna jambo nimeliona likirudiwa humu kila inapotajwa Ujiji au maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria): kwamba kila Livingstone aliyeko kwenye ramani ya dunia amewekwa kwa heshima ya yule daktari mmisionari aliyefia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Mtu akiiona Livingston ya Guatemala au Livingston ya Montana kule Marekani, anahitimisha kwamba Dk. David alienziwa mpaka huko. Si kweli. Jina hili limebebwa na koo mbili kubwa zisizo na damu moja, na mojawapo ilichuma mali kwa biashara ileile ya watumwa ambayo David alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuipiga vita. Jina limeenea mno katika nchi zetu, kwenye milima, mitaa na vyeti vya ubatizo, kwa hiyo ni haki tujue tunamtaja nani. Nitashusha kwa vipande, mwenye swali aulize.

Tuanze lilikochipukia. Kati ya Edinburgh na Glasgow, Scotland, kuna mji unaitwa Livingston. Majengo mengi unayoyaona leo ni ya juzi, maana serikali ilitangaza pale kuwa mji mpya mwaka 1962 ili kupunguza msongamano wa Glasgow. Jina lenyewe ni la karne ya 12. Alikuwapo mwenye ardhi aitwaye Leving, makazi yake yakaitwa mji wa Leving, na waliotoka pale wakaanza kujitambulisha kwa jina la mahali. Ukoo huo ukapanda: wakawa mabwana wa Callendar jirani na Falkirk, na mwaka 1600 wakapewa cheo cha Earl wa Linlithgow. Mary Livingston wa ukoo huo alikuwa mmoja wa wasichana wanne, wote wakiitwa Mary, waliosafiri kwenda Ufaransa mwaka 1548 pamoja na Malkia Mary wa Scotland akiwa bado mtoto. Earl wa mwisho aliingia kwenye uasi wa 1715 akanyang'anywa cheo na mali.

Huo ni ukoo wa kwanza. Wa pili unatoka kwingine kabisa, pwani ya magharibi, kwenye visiwa vya Lismore, Mull na Ulva na nchi ya Appin, ambako watu walikuwa wakizungumza Kigaeli. Huko kulikuwa na watu walioitwa Mac an Léigh, wana wa tabibu. Wapo wanaowahusisha na Mac Duinnshléibhe wa Ulster, Ireland, ukoo uliotoa wafalme na baadaye waganga. Kiingereza kilipokamata vitabu vya kanisa na vya makabaila, majina ya Kigaeli yalitafutiwa mbadala uliokwisha kuwa na hadhi, na wana wa tabibu wakaandikwa Livingstone. Hawakuoana na wale wa Callendar wala hawakurithi kwao, ni karani na kalamu yake. Tawi la Lismore mpaka leo ndilo linalotunza fimbo ya Mtakatifu Moluag, kipande cha mti wa miiba kisichofika mita moja, ambacho zamani kilivikwa shaba iliyopakwa dhahabu.

David wetu ni wa hawa wa pili. Babu yake Neil alikuwa mkulima mdogo wa kisiwa cha Ulva. Mwaka 1792 aliondoka na familia yake kwenda Blantyre, karibu na Glasgow, kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba. Hapo ndipo David alipozaliwa tarehe 19 Machi 1813, na akiwa na miaka 10 akaingizwa kiwandani kuunga nyuzi zinazokatika. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kitabu alikiegesha juu ya mashine, kila akipita anadaka sentensi moja, anakwenda kuunga uzi, akirudi anadaka nyingine.

Na msitegemee tahajia kuwatofautisha. Baba yake David aliwahi kuliandika jina bila "e" mwishoni, na David mwenyewe ujanani alisaini Livingston.

#2 Dada Zawadi

Naweka kambi hapa. Mchora Ramani, usituache njiani kaka. Hiyo Guatemala sasa ni ya nani?

#3 Mchora Ramani

Dada Zawadi, hiyo ni ya ukoo wa kwanza, kupitia New York. Shika uzi wake taratibu maana una mengi.

Mwaka 1654, katika kijiji cha Ancrum kusini mwa Scotland, alizaliwa Robert Livingston. Baba yake, John, alikuwa mhubiri Mpresbiteri aliyewahi kuchunga kanisa Killinchy, Ireland, kabla ya kurudi Scotland. Mwaka 1663 serikali ya mfalme ikamfukuza nchini kwa msimamo wake wa dini, akakimbilia Rotterdam. Robert akakulia huko na Kiholanzi kikawa lugha yake. Mwaka 1674 akatua Albany, mji wa Waholanzi uliokuwa umeangukia mikononi mwa Waingereza. Kijana anayeandika lugha zote mbili katika mji wa namna hiyo hakosi kazi. Alipata ukarani, mwaka 1679 akamwoa Alida Schuyler, mjane wa familia ya Van Rensselaer, na mwaka 1686 Gavana Thomas Dongan, Mwairishi, akamthibitishia milki kando ya mto Hudson iliyohesabiwa kuwa ekari 160,000.

Robert huyuhuyu ndiye aliyesaidia kupanga safari ya Kapteni William Kidd ya kuwinda maharamia mwaka 1695 huko London, akishirikiana na wakubwa waliotia fedha zao. Kidd naye alikuwa Mskoti. Meli yao, Adventure Galley, ilikuja mpaka bahari yetu: mwaka 1697 ilitia nanga Komoro, ikapita Nzwani, na ilipovutwa ufukweni Mwali ili ikwanguliwe, mabaharia wengi walikufa kwa maradhi. Kidd aliishia kuhukumiwa yeye mwenyewe kama haramia, akanyongwa London mwaka 1701. Livingston aliendelea na mali zake.

Sasa hili ndilo lililonifanya niuanzishe uzi. Philip, mwana wa Robert na bwana wa pili wa milki ile, pamoja na wanawe, walitia fedha kwenye meli za biashara ya watumwa zilizokuwa zikiingia New York. Miaka mia moja baadaye jina lao lilikuja kusikika kama jina la mpinga utumwa, kwa sababu tu ya mtu wa Ulva asiyewahusu kwa lolote. Ninaposoma kwenye mtandao kwamba "familia ya Livingstone ilipigana na utumwa" huwa nasikitika kwelikweli, maana wale waliouzwa walikuwa watu wenye majina yao na hawana mji hata mmoja.

Wajukuu wa Robert ndio waliotapakaza jina Marekani. Philip mdogo alitia saini Tangazo la Uhuru la 1776. William akawa gavana wa kwanza wa jimbo la New Jersey, akakaa madarakani kuanzia 1776 hadi 1790, na Livingston ya New Jersey ni yake. Wa kizazi kilichofuata ni Robert R., kansela wa New York, ambaye tarehe 30 Aprili 1789 alimwapisha George Washington, na mwaka 1803 alikuwa Paris kwenye mazungumzo ya ununuzi wa Louisiana. Wilaya ya Livingston katika jimbo la New York ni ya huyo. Mdogo wake, Edward, alikuwa meya wa jiji la New York, kisha akahamia Louisiana akawa mwanasheria mkubwa. Huko aliandika kanuni za makosa ya jinai zilizofuta adhabu ya kifo. Louisiana yenyewe haikuzipitisha. Guatemala, chini ya Mariano Gálvez katika miaka ya 1830, ilizichukua, na mji wa pwani kwenye mdomo wa Río Dulce ukapewa jina lake.

Ukifika Livingston ya Guatemala unafika kwa boti. Wenyeji wake wanaojulikana zaidi ni Wagarifuna, kizazi cha Waafrika na Wakaribi wa kisiwa cha Saint Vincent, waliohamishwa na Waingereza kwa nguvu mwaka 1797 na kutupwa Roatán, kisha wakasambaa pwani yote ya Amerika ya Kati. Kwa hiyo watu wenye asili ya Afrika wanaishi kwenye mji wenye jina la familia iliyouza Waafrika, kwa heshima ya mmoja wao aliyekataa watu kunyongwa. Historia hii haitoshi kwenye kibao cha barabarani.

Montana nitaipita haraka: ni mji wa reli wa mwaka 1882, umepewa jina la mkurugenzi wa kampuni ya reli ya Northern Pacific.

#4 Mtoto wa Buyenzi

Asante sana mkuu. Mimi niko Bujumbura. Hapa kwetu, kusini mwa mji, pale Mugere, kuna jiwe kubwa limechorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Tangu utotoni tumesikia kwamba hapo ndipo walipokutana. Watanzania wanasema ni Ujiji. Ukweli uko wapi?

#5 Mchora Ramani

Ndugu yangu, Ujiji ndipo Livingstone alipokutana na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na tarehe inayotajwa zaidi ni 10 Novemba 1871. Ila jiwe la Mugere si uongo. Baada ya kukutana waliondoka pamoja kwa mtumbwi kuelekea kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na hapo Mugere walilala wakiwa safarini. Walikuwa wanakwenda kutazama kitu kimoja: mto Ruzizi unaingia ziwani au unatoka? Kama ungetoka, Tanganyika ingeweza kuwa chanzo cha Nile. Walifika wakaona maji yanaingia. Kwangu mimi jiwe lenu linashuhudia kazi yenyewe ya safari, na Ujiji ni pale walipopeana mikono. Litunzeni.

#6 Mto Lualaba

Jambo kwa wote. Niko Kongo. Kwetu kuna Maporomoko ya Livingstone, kati ya Kinshasa na Matadi. Alifika lini pale?

#7 Mchora Ramani

Hakufika kamwe, na swali lako linagusa kiini cha mambo.

Livingstone alifika Nyangwe, kwenye Lualaba, mwaka 1871. Aliutazama ule mto mpana unaokwenda kaskazini akaamini ni Nile. Alitaka mitumbwi ashuke nao, akanyimwa. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa misafara ya wafanyabiashara walianza kupiga risasi katikati ya soko, na mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Aliyaona kwa macho yake. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na amevunjika moyo, na habari aliyoiandika ya siku ile ilikuja kuwa na nguvu kubwa kwa waliokuwa wakidai soko la watumwa la Unguja lifungwe, likafungwa mwaka 1873.

Stanley ndiye aliyeushuka mto huo kuanzia mwishoni mwa 1876, mwanzoni akisindikizwa na Tippu Tip na watu wake, akatokea Boma Agosti 1877. Mto uligeuka magharibi, ukawa Kongo, wala si Nile. Yale maporomoko 32 ya sehemu ya chini, yaliyommalizia watu wake wengi, akayaita kwa jina la Livingstone. Jina la mtu likawekwa kwenye mto aliodhani ni mwingine, sehemu ambayo hakuwahi kuiona. Na angalieni: mwaka 1966 Leopoldville ikawa Kinshasa na Stanleyville ikawa Kisangani, lakini Livingstone amebaki kwenye ramani za mto ule.

#8 Nyasa Kwetu

Nakazia hapo. Mimi ni wa Kyela. Sisi tuna Milima ya Livingstone, ukisimama ufukweni Matema inakuja juu yako moja kwa moja kutoka majini. Wamama wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu chini ya milima hiyo, wanavipakia kwenye mitumbwi, siku ya soko wanavishusha Lyulilo vimefungwa kwa nyasi visigongane. Jirani yangu mmoja aliwahi kumwambia mgeni kwamba Livingstone aliivuka kwa miguu. Ni kweli?

#9 Mchora Ramani

Shukrani kwa picha hiyo, mkuu. Hapana, hakuivuka. Alifika Ziwa Nyasa kwa upande wa kusini Septemba 1859. Mwaka 1861 akapanda na mashua kwa kufuata ufukwe wa magharibi, akarudi kabla ya kufika kichwa cha ziwa. Mwaka 1866 alikuja tena kupitia Ruvuma na nchi ya Wayao, akatafuta jahazi la kumvusha, akakosa, ikabidi alizunguke ziwa kwa kusini. Kaskazini kwenu hakukanyaga.

Livingstonia ng'ambo ya pili, Malawi, ni hivyohivyo. Ni misheni ya Waskoti iliyoanzishwa 1875, miaka miwili baada ya kifo chake, kwanza pale Cape Maclear, kusini mwa ziwa (Maclear mwenyewe, mtaalamu wa nyota wa rasi ya Afrika Kusini, alizaliwa Tyrone, Ireland, na alikuwa rafiki wa Livingstone). Malaria iliwaua wengi, wakahamia Bandawe mwaka 1881, kisha 1894 Dk. Robert Laws akaipandisha mlimani Khondowe, ambako ipo hadi leo juu ya barabara ya kona kali zinazofuatana. Huko ndiko alikosomea David Kaunda, baba yake Rais Kenneth Kaunda wa Zambia. Na Blantyre ya Malawi, misheni ya mwaka 1876, imebeba jina la kile kijiji cha kiwanda cha pamba.

Kuna sehemu alizofika kweli ambazo zina jina lake: mji wa Livingstone nchini Zambia, kwa mfano, uko kilomita chache tu kutoka maporomoko aliyoyaona Novemba 1855. Mji wenyewe ulianza 1905, reli ilipovuka daraja, na walowezi wakahama kutoka bandari ya zamani ya mtoni iliyokuwa na homa nyingi.

#10 Mswahili wa Gerezani

Wakuu mmesahau Kariakoo. Mtaa wa Livingstone upo, na jirani yake Mtaa wa Aggrey, pale penye maduka ya simu na makava. Napita hapo kila siku kwa kazi zangu na sijawahi kujua Aggrey ni nani.

#11 Mchora Ramani

Umenipa nafasi niliyokuwa naisubiri, na hili nalipenda kuliko yote kwenye uzi huu.

Livingston karibu zote za Marekani ni za ukoo wa New York, isipokuwa moja ya maana sana. Salisbury, North Carolina, kuna Chuo cha Livingstone. Kilianza mwaka 1879 kama taasisi ya kanisa la Wamarekani weusi, AME Zion, watu wengi wao wakiwa wametoka utumwani wenyewe au wazazi wao. Katika miaka ya 1880 wakakipa jina la David Livingstone. Hawa walimchagua wa Ulva kwa makusudi, katika nchi ambako jina hilo lilikuwa tayari limejaa kwenye wilaya na miji ya wale wengine.

Mwaka 1898 alifika hapo kijana kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aitwaye James Emman Kwegyir Aggrey. Akahitimu 1902, akabaki kufundisha. Mwaka 1924 akaja Afrika Mashariki na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, akapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na Nyasaland. Waafrika wa enzi ile walimwona msomi mweusi amekaa meza moja na maofisa wa kikoloni, anazungumza na wao wanasikiliza. Baada ya hapo watoto wakaanza kubatizwa Aggrey, na mpaka leo ni jina la kawaida Kenya na Tanzania.

Kwa hiyo, Mswahili wa Gerezani, jina la mhitimu wa Chuo cha Livingstone liko jirani na Mtaa wa Livingstone, Kariakoo. Ukipita kesho, mwambie na mwenye duka.

#12 Dada Zawadi

Jamani! Nimefanya kazi Aggrey muda wote huo. Naomba moderata uzi huu ubandikwe juu.

#13 Mjukuu wa Kololo

Salaam kutoka Kampala. Babu yangu mzaa baba aliitwa Livingstone, na si peke yake. Askofu Mkuu wetu wa Kanisa la Uganda kuanzia 1995 hadi 2004 alikuwa Livingstone Mpalanyi Nkoyoyo. Makerere kuna bweni la Livingstone. Na Livingstone mwenyewe hakufika Uganda hata siku moja. Kwa nini tukampenda hivyo?

#14 Mchora Ramani

Ndugu, jina la ukoo wa Kiskoti liligeuka kuwa jina la ubatizo kupitia shule za misheni. Kitabu cha maisha yake kilikuwa kwenye kila maktaba ya misheni, na mwalimu alipotakiwa kupendekeza jina la Kikristo, majina ya mashujaa wa imani yalikuwa karibu na mkono. Babu yako hakupewa ukoo wa mtu. Alipewa mfano wa kufuata, jinsi wengine walivyopewa Wesley au Luther. Akawa Livingstone kamili kwa haki yake, na wanawe wakalirithi.

Hata Abdullah Susi, aliyekuwa na Livingstone tangu enzi za Zambezi, alipobatizwa mwaka 1886 alichukua jina la David.

#15 Kigoma Yetu

Mimi nina mtazamo tofauti, mnisamehe. Tumeondoa majina ya wakoloni kila mahali. Kwa nini huyu abaki? Waliomwonyesha njia ni watu wetu.

#16 Mchora Ramani

Hoja yako ni nzito na naiheshimu. Zambia ilipopata uhuru 1964 iliuacha mji na jina lake, ila mwaka 2011 uwanja wa ndege wa Livingstone ukapewa jina la Harry Mwanga Nkumbula, mpigania uhuru. Naona wamefanya vema. Mimi sitaki jina la David lifutwe, maana hakuja na bunduki ya kutwaa ardhi, ingawa waliomfuata walikuja nayo. Ninachodai ni majina ya waliombeba yaandikwe kando ya lake, kwa herufi zilezile.

Alipofariki Chitambo mapema Mei 1873, watu wake waliamua wenyewe kumrudisha kwao. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru. Susi, mtu wa Shupanga kwenye Zambezi, na Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861 akiwa mtoto, ndio walioongoza. Walitoa moyo na matumbo wakayazika chini ya mti wa mpundu, na mwenzao Jacob Wainwright akasoma sala ya maziko na kuchonga maandishi kwenye shina. Mwili wakaupaka chumvi, wakaukausha juani, wakaukunja miguu, wakaufunga kwa kitambaa cha pamba na gome la mti na kuupitishia mti wa kubebea. Halima, mpishi, alikuwamo kwenye msafara.

Walipofika karibu na Tabora walimkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Akawashauri wauzike mwili hapohapo. Wakakataa. Mbele ya safari wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao; kina Susi wakaufunga mwili upya ufanane na mtumba wa nguo, wakajifanya wamemrudisha marehemu nyuma kuzikwa, wakapita. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, karibu miezi 9 tangu waondoke. Mwili ukalazwa misheni ya Wakatoliki, pale ambapo mnara wa kanisa la zamani unaitwa Mnara wa Livingstone hadi leo. London waliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba zamani, ukazikwa Westminster tarehe 18 Aprili 1874. Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yameshapita, wakakaa na mhariri wa shajara zake kumweleza sehemu ambazo karatasi hazikuzisema.

Chuma alirudi akawa kiongozi wa misafara. Mwaka 1879 msafara wa Keith Johnston kutoka Dar es Salaam kwenda Nyasa ulifiwa na kiongozi wake njiani, na kijana Mskoti wa miaka 21, Joseph Thomson, akabaki na Chuma. Wakafika ziwani. Thomson ana swala kwa jina lake, na maporomoko ya Nyahururu yaliitwa kwa jina lake. Chuma alifariki Unguja 1882, hana hata kijito.

#17 Kigoma Yetu

Hapo tumeelewana mkuu. Nitaliuliza hilo kwenye baraza la kata yetu, angalau mtaa mmoja Ujiji uitwe Chuma na mwingine Susi.

#18 Mama Mkunazini

Wanangu, mkija Unguja tembeleeni Kanisa la Anglikana Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa. Kuna msalaba wa mbao uliochongwa kwa mti wa Chitambo, ule ule alipozikwa moyo. Na Kinazini kuna nyumba iliyojengwa enzi za Sultan Majid, huitwa Nyumba ya Livingstone kwa sababu alikaa humo mwaka 1866 akijiandaa na safari ya mwisho.

#19 Mchora Ramani

Shikamoo mama. Ahsante kwa kutuongezea.

#20 Njia ya Taru

Kaka, na sisi Wakenya je? Mackinnon Road, ukitoka Mombasa kuelekea Voi. Madereva wa malori wanasimama pale msikitini kwa Sayyid Baghali Shah, wanaomba dua na kuacha sadaka ndipo wanaendelea na safari. Mackinnon huyo naye ana ndugu kwenye ramani?

#21 Mchora Ramani

Anao. Mackinnon ni ukoo wa Kigaeli wa visiwa vya Mull na Skye, na Ulva ya kina Livingstone iko hatua chache tu kutoka Mull, unavuka kwa mashua ndogo. Ulva hiyohiyo ndiko alikozaliwa Lachlan Macquarie mwaka 1762, aliyekuwa gavana wa New South Wales kuanzia 1810 hadi 1821. Fungua ramani ya Australia uone mto Macquarie, mto Lachlan, mji wa Port Macquarie na ziwa Macquarie. Kisiwa ambacho leo wakazi wake hawajazi basi moja kimetoa majina kwa mabara mawili.

Sir William Mackinnon alizaliwa Campbeltown, pwani hiyohiyo, mwaka 1823. Alianzia India, akajenga kampuni ya meli ya British India, na mwaka 1872 meli zake zikaanza kuleta barua Unguja kutoka Aden. Kabla ya barabara yenu kulikuwa na nyingine ya jina hilohilo upande wetu: mwaka 1877 alianza kugharimia barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa, ikaachwa njiani mwaka 1881. Ya Kenya ilianza miaka ya 1890, wakati Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Uingereza, aliyoiongoza na iliyopata hati yake 1888, ilipotaka njia ya mikokoteni kutoka pwani hadi Uganda. Mackinnon akafa 1893, kampuni ikaishiwa fedha, serikali ikachukua nchi mwaka 1895, reli ikaja na kituo kikabaki na jina la barabara.

Habari za Baghali Shah sizigusi, hizo ni zako wewe uliyekulia huko. Ile simulizi kwamba alipokuwa kibarua wa reli karai la zege lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa, tuandikie kama wazee wenu wanavyoisema.

#22 Njia ya Taru

Nitamuuliza babu Jumapili, yeye alifanya kazi ya reli. Naja nayo hapa hapa.